Aliyeziba Nyufa za Leonia

Leonia alikuwa jirani wa shangazi yangu kule upande wa Mwimbi, mtu wa kuamka, kufagia uwanja, kisha kushika njia ya shambani. Mwaka ule fukusi, wadudu watoboao viazi, walimharibia viazi vitamu vyote. Ukipasua kimoja, ndani ni vitundu vyeusi na uchungu mtupu. Sababu aliijua. Alipanda marando, yaani vipande vya mashina, yaliyotoka kwenye shamba bovu, na matuta yalipopasuka hakurudishia udongo kuziba nyufa wanamopenya wadudu.

Shamba la Silvana, mjane aliyepakana naye, lilikuwa safi. Aibu ikamkaba Leonia, akasema mbele za watu kwamba Silvana ndiye anayemtumia wadudu.

Neno halikulala. Wanakijiji wakamfukuza yule mama, akaenda kwa binti yake, Rhoda, huko Kasanga. Mvua hazijaisha, akafariki.

Msimu uliofuata Leonia akapanda tena. Asubuhi moja akakuta magugu yameng'olewa na nyufa zote zimezibwa. Akamuuliza mumewe, Isdori. Isdori alikuwa hajakanyaga kule. Majirani wakamsifu Leonia kwa bidii yake, naye akazipokea sifa, uso ukimuwaka.

Kesho yake akawahi, ukungu ukiwa bado umetanda. Akasikia kitu kinachimba. Taratibu. Tuta la mwisho. Akasogea.

Udongo ulikuwa ukijipandisha wenyewe, ukipigwapigwa kama mtoto anayebembelezwa alale. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na nyayo.

“Mama Silvana,” akanong'ona, “nisamehe.”

Udongo ukatulia. Sauti ikatoka chini, karibu kabisa na miguu yake, haina hata hasira.

“Ufa mdogo hivi, mwanangu. Si ungeziba tu?”

Akakimbia. Jumapili, watu walipotoka kanisani, alisimama akasema kweli yote: Silvana hakumroga mtu, uvivu ulikuwa wa yeye Leonia. Waliomfukuza yule mama walitazama chini, mmoja baada ya mwingine wakaondoka.

Wakati wa kuvuna, viazi vilitoka vinene, bila tundu. Leonia hakuthubutu kula hata kimoja. Alijaza gunia bila kuvitazama, akampelekea Rhoda. Rhoda akamsikiliza mpaka mwisho, akamimina viazi sakafuni.

Kila kiazi kilikuwa na mibonyeo mitano, kana kwamba kimekua ndani ya kiganja kilichofumbwa.

Rhoda akaokota kimoja, akakishika muda mrefu. Machozi yakamtoka. Kisha akamnyooshea Leonia.

“Shika.”

Leonia akashika. Kilikuwa na joto la mkono wa mtu.