Moyo Mbovu wa Eggert

"Nipe na hilo koti," Wiebke alisema. "Usije ukanifia njiani nikaanza kujieleza polisi."

Eggert alivua koti taratibu, mkono mmoja kifuani, akampa. Sasa Wiebke alikuwa amebeba mabegi mawili ya mgongoni, makoti mawili na chupa ya kahawa. Eggert, aliyekuwa mumewe tangu ujana mpaka alipomwacha kwa ajili ya Silke wa duka la maua, alitembea mikono mitupu kama bwana mkubwa anayekagua mashamba yake.

"Mazito?" aliuliza.

"Nilikubeba wewe miaka yote ile. Haya ni manyoya."

"Bado una ulimi, Wiebke."

"Ndio kitu pekee ambacho Silke hakunichukulia."

Nyika ilikuwa imechanua yote, zambarau mpaka inaumiza macho, na miti ya mireteni imesimama humo myeusi kama watu waliovaa kwenda mazikoni. Mbele, ng'ambo ya msitu, mnara wa kasri la Wahlenburg ulichungulia. Waliwahi kuitembea njia hii wakiwa wachumba, Eggert akiwa hana kitambi na Wiebke akiwa hana akili.

Asingekuja kama si simu ya binti yao.

"Mama, Baba anaumwa moyo," Frauke alikuwa amesema, akilia hadi maneno yanakatika. "Daktari amesema huenda asiione Krismasi. Anaomba kitu kimoja tu, mtembee tena mpaka Wahlenburg."

Wiebke alimdharau Eggert, ila hakuwa jiwe. Silke alishamtimua, naye Eggert akawa analala kwenye chumba cha chini nyumbani kwa kaka yake, pembeni ya mashine ya kufulia. Mtu hafi pembeni ya mashine ya kufulia. Kwa hiyo Wiebke alisafisha chumba cha nyuma, akatandika kitanda. Kisha akafanya jambo ambalo lilimkosesha usingizi: alimwandikia Jörn.

Jörn alikuwa mfuga nyuki, mjane, mtu wa maneno machache. Kwa miaka miwili alikuja kila Alhamisi kula chakula cha jioni, na Wiebke akitukana dunia nzima, yeye alicheka mpaka akafuta machozi. Wiebke hakuwa na ujasiri wa kumtazama usoni. Alituma ujumbe.

"Jörn, usije tena. Eggert mgonjwa sana, namrudisha nyumbani."

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu. "Sawa. Sufuria yako nitaiacha mlangoni."

Na kweli aliiacha, imeoshwa.

"Tukae kidogo," Eggert alisema walipofika kwenye benchi. "Kifua kinabana."

Walikaa. Kifua kilichobana hakikumzuia kumaliza soseji zote na nusu ya saladi ya viazi.

"Daktari hajakukataza mafuta?"

"Amesema nile ninachopenda. Siku zenyewe zimebaki ngapi?" Alimshika mkono. "Wiebke, nilikosa. Nikirudi nyumbani, sitakusumbua. Supu tu, na sauti yako."

 Mkono wa Eggert ulikuwa na joto lilelile la zamani, na hilo lilimuudhi kuliko kitu chochote.

"Chumba kiko tayari," alisema. "Usinishukuru."

Waliinuka. Njia ilipoingia bondeni walikuta kundi la kondoo wa nyikani likivuka, wale wa kijivu wenye vichwa vyeusi. Mchungaji alikuwa mbali na mbwa wake. Kondoo dume mmoja mwenye pembe zilizojikunja alisimama katikati ya njia, akawatazama, akainamisha kichwa.

"Usikimbie," Wiebke alinong'ona. "Eggert, moyo wako. Simama nyuma yangu."

Hakuna aliyesimama nyuma yake. Eggert alikuwa ameshaondoka. Alipanda kilima cha mchanga kama kijana aliyeitwa kwenye bia ya bure, akaruka uzio wa mbao kwa mkono mmoja, akatua ng'ambo kwa miguu yote miwili. Wiebke akabaki na dume, mabegi mawili na makoti mawili.

Dume lilimkaribia, likanusa begi lenye harufu ya soseji, likapiga chafya, likafuata wenzake.

"Uko salama?" Eggert aliita kutoka juu.

Sauti ilikuwa imetulia. Wiebke alikipanda kile kilima, sasa yeye ndiye aliyekuwa akihema, akasimama uzioni kumtazama. Shavu lilikuwa na rangi nzuri. Kifua kilikuwa kimetulia kama cha mtu anayesoma gazeti.

"Daktari wako anaitwa nani?"

"Yupo mmoja, kule mjini."

"Jina."

"Wiebke, hofu humpa mtu nguvu za ghafla..."

"Jina la daktari, Eggert."

Alitazama viatu vyake. Upepo ukapita kwenye maua.

"Ningekuja mzima," alisema mwishowe, "ungenifungulia mlango?"

"Nisingekufungulia."

"Sasa ningefanyaje?"

Wiebke aliyashusha mabegi chini, akatoa simu, akaweka spika.

"Mama? Baba yuko sawa?" Frauke alidaka kabla simu haijalia vizuri.

"Baba yako ameruka uzio. Ongea naye. Mwambie, Eggert."

"Frauke, mwanangu. Mimi... hali si mbaya kama nilivyodhani."

"Daktari amekosea?"

Eggert alimtazama Wiebke kama anayeomba msaada. Hakuupata.

"Hakuna daktari," alisema.

 Frauke akaongea, polepole, kwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia.

"Niliikataa kazi ya Vienna, Baba. Nilisema siwezi kwenda mbali, baba yangu anakufa."

"Wapigie. Waambie umebadili mawazo."

"Wameshampa mtu mwingine."

"Kazi zipo nyingi, mwanangu."

Simu ikakatika.

"Mimi kunidanganya ni kawaida yako," Wiebke alisema. Hakupandisha sauti. "Nilishakuzoea kama mtu anavyozoea dirisha linalopitisha baridi. Lakini yule mtoto alikuwa analala na simu kifuani, akisubiri kuambiwa umekufa. Na wewe ulikuwa unafanya nini? Unakula?"

"Nilikuwa mpweke."

"Ungenunua kasuku."

Alichukua begi lake na koti lake, akaviacha vya Eggert mchangani, akashika njia ya msituni. Nyuma alisikia hatua zikimfuata, zenye afya tele. Chini ya miti mirefu yenye magome laini ya kijivu, Eggert alijaribu kueleza: chumba cha chini, unyevu, shemeji anayehesabu mayai. Wiebke alimwacha aongee. Aligundua kwamba hasira imeshapita na kilichobaki ni kile mtu anachohisi akikanyaga konokono.

Kwenye geti la kasri, watalii wakipiga picha kwenye daraja la mawe, alimpigia Jörn.

"Ndiyo," Jörn alisema.

"Ni mimi. Eggert haumwi. Alinidanganya."

"Pole."

"Niko Wahlenburg. Basi la Jumapili limeshapita."

"Kuna teksi."

Wiebke alifumba macho. Maneno makali yote aliyokuwa nayo maishani hayakumfaa kitu.

"Jörn, nilikutendea vibaya. Nilikuandikia ujumbe kama mtu anayefuta oda ya mkate. Sitaki teksi. Nakuomba uje wewe. Tafadhali."

 Kwenye simu nyuki walisikika wakivuma nyuma ya Jörn.

"Nivue kwanza hii nguo ya kazi," Jörn alisema.

Alikuja na gari lake la mizigo, lenye masanduku ya nyuki nyuma. Alishuka, akachukua begi la Wiebke bila kuulizwa. Eggert akasogea, begi mkononi, tabasamu limeandaliwa.

"Nadhani na mimi nitapata nafasi? Kaka yangu anakaa njia hiyohiyo."

Jörn alimtazama kuanzia viatuni kwenda juu, kwa upole, kisha akamgeukia Wiebke.

"Huyu ndiye mgonjwa?"

"Amepona."

"Basi atembee," Jörn alisema, akamfungulia Wiebke mlango.

Walisafiri hadi nyika ilipoisha na mashamba ya viazi yakaanza.

"Siku nyingine ukitaka kumhurumia mtu," Jörn alisema, macho barabarani, "niambie kwanza. Tumhurumie wawili."

"Kile chumba cha nyuma," Wiebke alisema, "nimekitandika vizuri, na sasa hakina mtu."

"Mimi silali chumba cha nyuma."

Wiebke aligeukia dirishani ili Jörn asimwone anavyocheka.

"Hapana," alisema. "Hicho tutampa Frauke akija. Ana mengi ya kulia."