Mikono Miwili ya Kushoto

Haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata chembe, ninyang'anywe mkasi!

Palikuwa na fundi cherehani mmoja mzee, si mimi, aliyempima mteja kwa macho tu, mteja akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara. Kila siku baada ya shule mjukuu wake, aliyeitwa Sindano kwa wembamba, alikwenda kibandani kushona vifungo na kufagia mabaki ya vitambaa.

Siku moja alikuta gauni la maua mezani.

"Babu, mbona mikono yote ya kushoto?"

Mzee aliikodolea macho. "Nani kakata hivi?"

Hapakuwa na mtu mwingine.

Jioni mama yake Sindano aliamua. "Baba, yatosha. Cherehani tunaiuza. Akili imeshachoka."

Fundi aligeukia ukuta, mabega yakatikisika. Bila kibanda, angebaki nani?

Kesho yake alikata suruali tatu bila kosa. Keshokutwa yake akapotea njia ya kwenda bombani.

"Mama, jana alikuwa mzima kutushinda sisi!"

"Jana imepita, mwanangu."

Sindano alilia hadi mzee akapelekwa zahanati. Muuguzi alimwuliza maswali, akamtaka arudi tena na tena. Mwishowe akamwambia mama, "Dada, ukimpima mzee siku moja, umeipima siku, hukumpima mtu. Akili yake hupanda na kushuka. Usingizi mbaya, homa, huzuni, vyote huivuruga. Sikufichi, huenda siku mbaya zikazidi. Lakini siku njema bado ni zake. Msimpokonye."

Basi cherehani haikuuzwa. Wakakubaliana: kila asubuhi fundi akate mikono miwili kwenye kitambaa chakavu cha maua. Ikitoka sawa, afanye kazi. Isipotoka, mkasi ashike Sindano akitoka shule, mzee ashone vifungo. Kuna wiki alishona vifungo tu, bila kumtazama mtu.

Hadithi imekwi...

"Babu!" Sindano alikuwa nyuma ya bega langu, akisoma ninayoandika. "Huyo fundi ni wewe."

"Mimi? Thubutu!"

"Na mteja wa ng'ambo ya barabara ni uongo. Unapima kwa futi kama mafundi wote." Akaonyesha mezani kwa kidole. "Tena hadithi hii uliiandika ukanisomea asubuhi, Babu."

Nilitazama mezani. Mikono miwili ya maua, yote ya kushoto.

Nikampa mkasi. Akanisogezea kopo la vifungo.