Hasira za Advera na Seva ya Shule

Kila asubuhi kabla ya kwenda mstarini, Advera, mwanafunzi aliyekabidhiwa ufunguo, alifungua chumba cha kompyuta, akafuta vumbi lililoingia kutoka barabara ya Kipalapala, kisha akawasha seva. Mashine hiyo ilipokea maombi ya kompyuta zote za shule, ikayapeleka mtandaoni na kurudisha majibu. Ikigoma yenyewe, zote zimegoma.

Ijumaa hiyo iligoma. Alipofungua ukurasa wa mashindano ya sayansi, kioo kilimjibu: kosa la itifaki. Akajaribu tena. Kosa la itifaki. Mradi wa kikundi chao kuhusu ufugaji wa nyuki ulitakiwa kutumwa kabla ya saa sita mchana, la sivyo wameyakosa mashindano.

"Nani amechezea seva?" alifoka.

Manirambona, mwenzake wa kikundi, ndiyo kwanza alikuwa anaingia. "Habari za asubuhi, Advera."

Hakuitika. "Wewe ndiye uliyefagia humu jana jioni. Umegusa nini?"

"Nimefagia tu."

"Ninyi watu wa Ulyankulu! Kompyuta hamzijui, lakini kugusa mnagusa!"

Wanafunzi waliokuwa mlangoni wakacheka. Mtu akisema neno la kijinga kwa sauti kubwa, hakosi wa kumchekea, na kicheko hicho kinaudhi kuliko neno lenyewe. Manirambona alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, babu yake alitoka Burundi, na mizinga yote iliyopigwa picha za mradi ilikuwa ya baba yake.

"Basi futa jina langu," alisema. "Na picha za mizinga yetu nazitoa."

Madam Leonia, mwalimu wa kompyuta, aliingia akiwa amekunja uso.

"Shikamoo, madam," wanafunzi walimwamkia.

"Marahaba. Kelele za nini?"

"Manirambona ameharibu seva," Advera alisema.

"Ulimwona?"

"Hapana, lakini…"

"Lakini nini? Ulyankulu inahusianaje na seva? Nimekusikia tangu uwanjani! Kaa hapo. Fungua ukurasa usio na alama ya kufuli kwenye anwani yake."

Ukafunguka. Wenye kufuli ulipojaribiwa, likaja lile lile kosa la itifaki.

"Kwa hiyo mtandao upo na seva ni nzima," alisema Madam Leonia. "Itifaki ni utaratibu wa kuzungumza, kama salamu. Ukiniamkia shikamoo, naitikia marahaba, tunaendelea. Kurasa zenye kufuli zinataka kusalimiwa kwa siri. Seva yetu inazisalimia kwa uwazi, nazo hazimwitikii mtu wa namna hiyo. Kuna aliyebadilisha mipangilio."

Advera aliinamia kioo. Nywila ya mipangilio waliijua madam na yeye tu. Jana kurasa zilipochelewa kufunguka alikasirika, akabadilisha hili na lile akidhani bila kufuli zitakuja upesi, kisha akaondoka akibamiza mlango. Asubuhi alikuwa amesahau, au hakutaka kukumbuka.

"Ni mimi, madam," alisema kwa sauti ndogo.

"Rudisha. Kitu kimoja kimoja, na kila ukirudisha kimoja, jaribu kwanza."

Cha kwanza hakikusaidia. Cha pili kiliporudi mahali pake, ukurasa wa mashindano ukafunguka. Advera hakuubonyeza. Alimgeukia Manirambona.

"Nimekusingizia. Na nimewatukana watu wa kwenu. Nisamehe."

"Waambie na hao waliocheka."

Akawageukia wa mlangoni, akarudia maneno yale yale kwa sauti. Safari hii hakuna aliyecheka. Manirambona akavuta kiti, akautuma mradi kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimetuma kwa ajili ya baba na mizinga yake," alisema. "Wewe bado nimekukasirikia."

"Ana haki," alisema Madam Leonia. "Hata mimi nimekasirika. Kukasirika si kosa, Advera. Kosa ni kugusa mitambo ukiwa na hasira, halafu kumtafuta mtu wa kumbebesha lawama. Kitu kikiharibika, anza kujiuliza wewe mwenyewe ulifanya nini."

Jumatatu Advera alikuwa wa kwanza kusalimia. "Habari za asubuhi, Manirambona."

Manirambona alichukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango.

"Nzuri," aliitika, akamkabidhi ufagio. "Leo unafagia wewe."