Ghorofa ya Nne kwa Baiskeli

Kila jioni, akishafunika cherehani yake, Fundi huenda kusalimiana na dirisha.

Dirisha liko ghorofa ya nne. Ndani yake yuko dada yake, mtoto wa kwanza wa mama yao. Dada alivunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini kushuka ngazi hawezi tena. Jengo lenyewe halina lifti. Aliyelijenga alikuwa na miguu mizuri, au hakukusudia kuzeeka.

Fundi naye kupanda hawezi. Ni mama mfupi, mnene, na kazi yake ni kukaa. Zamani cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Mwanawe akaifungia mota. Tangu siku hiyo miguu ikastaafu, na mwenye miguu akanenepa bila kuombwa.

Basi ndugu hawa wawili huonana hivi: mmoja juu, mmoja chini, kila mmoja na simu sikioni. Dada hushusha kikapu kwa kamba. Fundi hutia ndizi, au sabuni, au gauni alilolipunguza kiuno. Kikapu hupanda. Fundi hukitazama mpaka kinapoingia dirishani.

"Kikapu hiki kina bahati kuliko mimi," husema. "Kinafika mpaka chumbani kwako."

"Ingia basi nikuvute."

"Kamba yako imekukosea nini, dada?"

Hucheka. Mwaka mzima wamecheka hivyo, na mwaka mzima hawajashikana mkono.

Jioni moja Dada alipunga mkono kwa furaha.

"Leo kijani kimekupendeza, mdogo wangu!"

Fundi alijitazama. Alikuwa amevaa nyekundu. Akageuka kushoto. Kando ya ukuta palikuwa na pipa la taka, la kijani.

"Dada, unasalimia pipa."

"Mh! Ndiyo maana. Nikasema, leo huyu katulia, kumbe kapata adabu uzeeni."

Wakacheka sana. Kisha kicheko kikaisha. Fundi alisikia pumzi za dada yake tu.

"Macho?" akauliza.

"Macho. Ni ile presha ya macho. Matone natia kila siku. Daktari anasema dawa inazuia yaliyobaki yasiondoke upesi. Yaliyokwenda hayarudi." "Njoo nikuone, mdogo wangu. Nikuone sura, si rangi ya nguo. Baadaye nitakuona kwa vidole, haidhuru. Lakini kwanza nikuone."

Fundi alitia simu mfukoni, akaingia jengoni, akaanza kupanda.

Alipanda kwa hasira, kama anayemfukuza mwizi wa kuku. Hata ghorofa ya kwanza hakuifikia. Moyo ulimpiga mpaka shingoni. Akakaa katikati ya ngazi. Mtu aliyekuwa akishuka na mtungi wa gesi akampita kwa shida. "Samahani, mama," akasema. Pumzi iliporudi, ilikuwa ya kushukia tu.

Nyumbani alimweleza mkwe wake, mke wa mwanawe. Mkwe huyu ni karani wa posta, na hana maneno mengi.

"Kwanza daktari," mkwe alisema. "Pumzi ikikatika hivyo, mama, hatubahatishi."

Wakaenda. Daktari alimpima Fundi presha na sukari. Akasikiliza moyo, akaupima kwa mashine, akatazama magoti.

"Moyo wako ni mzima," daktari alisema. "Umezoea kulala tu. Uamshe. Lakini mtu aliyelala haamshwi kwa kumwagiwa maji. Anza mazoezi polepole."

Njiani mkwe akasema, "Njoo na mimi kwenye baiskeli, mama. Darasa liko ndani ya ukumbi. Zile baiskeli zimesimama palepale. Hazianguki, wala hazigongi mtu. Na kwa kuwa umekaa, goti halibebi mzigo wote."

"Zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote."

"Kama mume wako kabla hajakuoa."

Mkwe alicheka mpaka akasimama.

Siku ya kwanza Fundi alifika na suruali aliyojishonea mwenyewe, pana, yenye mifuko miwili. Miguuni alivaa malapa. Ukumbi ulinuka mpira na jasho. Baiskeli zilipangwa safu safu mbele ya kioo kikubwa.

"Yule mnene aliyeshonewa vizuri ni nani?" Fundi akamnong'oneza mkwe.

Mwalimu wa darasa alikuwa binti mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili.

"Shikamoo, mama. Ni mara yako ya kwanza? Ngoja nikupimie kiti."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilikanyaga cherehani kabla mama yako hajajua kutambaa. Kwa kukanyaga, nipishe."

Mwalimu alitaka kusema neno, lakini akaitwa upande wa pili. Fundi akashusha kiti chake mpaka mwisho, kama kigoda cha kushonea. Akakaa. Magoti yakampanda karibu na kidevu. Akainamisha shingo, akatazama miguu yake kama mtu anayefuata mshono. Muziki ukaanza.

Mkwe alianza polepole. Fundi alianza kama fundi aliyeletewa gauni la harusi, na harusi yenyewe ni kesho. Gurudumu zito lililokuwa mbele likavuma.

"Mkwe! Mbona unabaki nyuma?"

Hakuna aliyebaki nyuma, wala aliyetangulia. Lakini Fundi alikuwa na safari yake. Kichwani alikuwa ameshafika ghorofa ya tatu. Alikuwa anaona mlango.

Ghafla pumzi ikaisha. Fundi akafanya alivyokuwa akifanya zamani cherehani ya miguu ikikimbia: akakaza miguu ili isimame, akanyoosha mkono ashike gurudumu.

"Mama, mkono!" mwalimu akapiga kelele.

Mkono ulirudi kwa hofu kabla haujagusa. Lakini miguu haikusimama. Gurudumu lilikuwa na nguvu, nalo likaendelea kuzungusha pedali, na pedali zikaendelea kuzungusha miguu. Lapa moja likaruka, likatua begani kwa bwana mmoja wa safu ya mbele. Mwalimu alifika mbio. Akabonyeza kitu mbele ya kiti, na baiskeli ikatulia.

"Kifua kinauma?" mwalimu akauliza. "Kichwa kinazunguka?"

"Kinachouma ni heshima," Fundi alisema, akihema.

Mwalimu alimkalisha benchi, akampa maji anywe kidogo kidogo. Fundi akatazama chini.

"Mwalimu, nataka kujua kitu kimoja. Baiskeli hii inafika ghorofa ya nne?"

Mwalimu alidhani ni mzaha. Alitazama uso wa Fundi, akaona si mzaha. Akakaa karibu naye. Fundi akamweleza habari za ngazi, kikapu na macho. Hakutia kichekesho hata kimoja, na mkwe wake akashtuka, maana hajawahi kumsikia hivyo.

"Inafika," mwalimu alisema. "Lakini si kwa ulivyoiendesha leo. Ukimaliza kuhema nitakuonyesha."

Darasa lilipoisha, walirudi kwenye baiskeli.

"Simama kando ya kiti," mwalimu alisema. "Kiti kije usawa wa nyonga yako. Sasa panda. Pedali ikiwa chini kabisa, goti likunjike kidogo tu. Kiti kikiwa chini sana, goti linaumia. Kikiwa juu sana, kiuno kinayumba."

"Kumbe si kigoda."

"Si kigoda. Mguu ukanyage kwa sehemu pana, hapa nyuma ya vidole. Njoo na raba za kufunga kamba. Na suruali iwe ya kubana chini. Pana kama hii hunaswa."

"Nitaipunguza kesho. Endelea."

"Kitu hiki kinaitwa kikazio. Ukikizungusha kulia, pedali zinakuwa nzito, kama mlima. Ukikizungusha kushoto, zinakuwa nyepesi. Usiziache nyepesi kabisa, zitakukimbia kama leo. Ukitaka kusimama, punguza mwendo kwanza. Ikiwa ni dharura, bonyeza kikazio chini. Gurudumu usilishike kamwe. Na usishuke mpaka lisimame."

"Na hawa wanaokimbia kama wamechokozwa na nyuki?"

"Waache. Wewe kipimo chako ni mdomo."

"Mdomo ninao."

"Nimeusikia. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, mwendo ni mzuri. Ukikatika katikati, punguza. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, acha na uniite. Kuchoka si kosa. Kuficha ndiyo kosa."

Kesho yake mapaja ya Fundi yalikuwa mazito kama magunia ya chumvi. Alikaa kitini kwa hatua tatu, kama mtu anayeshusha kabati. Lakini mwalimu alikuwa amemwonya kwamba misuli iliyoamka hulalamika siku chache. Maumivu makali ya goti au kifua ndiyo ya kutoa taarifa. Basi akapumzika, kisha akarudi.

Alirudi tena na tena. Alipanda kiti kilichopimwa, akaanza polepole, akakaza kidogo, akaongea. Aliongea sana. Bwana wa safu ya mbele alihamia nyuma kabisa, naye Fundi akamfuata ili aone kama sentensi zinafika. Darasa likielekea mwisho, hakuacha ghafla. Alikanyaga taratibu mpaka moyo ukatulia, kisha akanyoosha miguu.

Mwalimu alipopunguza taa na kusema, "Sasa fikirini mlima," wengine walifikiria milima. Fundi alifikiria ngazi za saruji na ukuta uliochubuka rangi. Alifikiria mlango ambao hajui siku hizi una rangi gani.

Jioni moja kikapu kilishushwa. Kikasimama hewani, juu ya vichwa vya watu.

"Umeshatia?" Dada aliuliza kwenye simu.

Kikapu kilikuwa mbali kabisa na mkono wa Fundi.

"Bado, dada," akasema. "Ongeza kamba kidogo."

Siku iliyofuata alimfuata mwalimu kabla hata hajavua viatu vya njiani.

"Nataka kuja kila siku. Asubuhi na jioni."

"Hapana, mama. Mwili unapata nguvu ukipumzika."

"Mwalimu, macho ya dada hayapumziki."

Mwalimu akasema kwa upole, "Najua. Lakini ukijiumiza, yeye atakosa macho na wewe utakosa miguu. Nani atamfuata mwenzake? Siku za mapumziko, fanya ngazi. Ghorofa moja tu. Shika mkono wa ngazi, panda, pumzika, shuka. Baiskeli inakupa pumzi, lakini ngazi zinataka zikuzoee."

Fundi alitii. Kwa mtu wa aina yake, hilo lilikuwa zoezi gumu kuliko yote. Alipanda ghorofa ya kwanza ya jengo la dada yake, akashuka. Akazoea. Mwalimu akamruhusu ya pili. Mara nyingi alisimama hapo, akasikia redio ya dada yake ikilia juu, akageuka na kushuka. Dada hakuambiwa kitu.

Siku ya ghorofa ya nne ilipofika, mkwe alipanda nyuma yake.

"Ukianguka, mama, nitakudaka."

"Nikianguka, mwanangu, kimbia. Mume wako bado anakuhitaji."

Kila ghorofa Fundi alisimama na kujipima kwa mdomo. Ghorofa ya kwanza alisema, "Mungu amsamehe aliyejenga hapa." Sentensi ilitoka nzima. Ghorofa ya pili alimsema fundi rangi, nayo ikatoka nzima. Ghorofa ya tatu alianza, "Na yule mwenye gesi..." ikakatika. Fundi alishika ukuta, akangoja. Juu, redio ilikuwa inalia. Alitamani kukimbia. Hakukimbia. Alingoja mpaka sentensi ya yule mwenye gesi ilipopata maneno yake yote, ndipo akaendelea.

Mlango ulikuwa wa bluu. Akabisha.

"Nani?"

"Kikapu."

Ndani zikasikika fimbo na kandambili, zikija kwa haraka isiyoruhusiwa na daktari yeyote. Mlango ukafunguliwa. Walishikana, mfupi na mrefu, mnene na mwembamba. Mkwe akajifanya anasoma namba ya mlango.

Dada akamvuta Fundi mpaka dirishani, kwenye mwanga. Akamshika mashavu kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yanaona padogo tu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Kwa hiyo alimtazama kwa vipande: paji la uso, kisha jicho moja, kisha la pili.

"Umezeeka," Dada alisema.

"Kumbe unaona vizuri."

"Tulia! Sijafika puani."

Fundi alitulia. Jasho lilimtiririka shingoni. Chini barabarani watu walipita, wadogo, hakuna aliyetazama juu.

"Nakuchosha?" Dada aliuliza. "Umesimama muda mrefu."

"Tazama taratibu, dada," Fundi alisema, na sentensi ikatoka nzima. "Kidevu bado kipo. Nimekuja na pumzi ya kutosha."