Mchumba Si Ugonjwa

"Mama, huyu ndiye Najat," Sadallah alisema, meno yote nje.

Najat alikuwa keshapiga goti kwenye zulia, ushungi umemkaa vizuri, shikamoo iko mdomoni. Akainua macho. Yallah!

Mama mkwe mtarajiwa alikuwa Dokta Hamisa. Dokta Hamisa huyuhuyu wa chuoni, mwalimu wa Ushairi wa Kiingereza, aliyempa sifuri bila kupepesa jicho.

"Shi... shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Tunafahamiana."

Sadallah akapiga makofi. "Nilijua anakufundisha! Nikasema nikae kimya, niwafanyie sapraizi."

Sapraizi! Wanaume wengine bwana, siku ya kugawiwa akili walikuwa wamelala.

"Amekwambia kwamba ana sapu kwenye somo langu?" mama aliuliza.

Makofi yakakatika.

"Sapu? Najat, si ulinambia umemaliza, unasubiri kuvaa joho tu?"

Najat alilitazama zulia. Baba yake kule Temeke alishaapa mbele ya ukoo mzima kwamba mshenga hakanyagi kizingiti chake kabla binti hajapata digrii. Sapu, yaani mtihani wa kurudia, ilikuwa wiki ijayo. Akianguka, joho hakuna, na ndoa ndo basi tena.

"Digrii ya fasihi ya Kiingereza ina masomo ya lazima, mwanangu," Dokta alimweleza Sadallah. "Ushairi ni mojawapo. Na somo langu lina insha sita, huruhusiwi kuacha hata moja. Mwenzio kaleta tano. Hata utafiti wake uwe mzuri vipi, bila somo hili joho atalionea kwa wenzake."

"Kwa nini hakuileta?"

"Nilimuuliza. Akanambia alikuwa anauguza. Anamuuguza nani? Mchumba. Nikamwambia, binti, mchumba si ugonjwa, nenda kajiandae na sapu."

Sadallah alikaa kitini taratibu.

"Mama, hiyo insha ilitakiwa lini?"

"Wiki ile niliyokuwa Kampala."

"Wiki hiyo nilikuwa nimelazwa. Homa ya dengue."

"Umelazwa? We si ulinambia una kamafua?"

"Ungekatiza safari! Niliwaambia watu wote wanyamaze. Najat ndo alikuwa anakuja wodini asubuhi mpaka wanapofukuza wageni. Mie hata kukaa siwezi, ananilisha uji kwa kijiko. Mama, huyo mchumba ni mie!"

Sadallah akamgeukia Najat.

"Kwa nini hukunambia umefeli kwa ajili yangu?"

"Ulikuwa ndo unaanza kutembea kwa kushika ukuta," Najat alisema, machozi yakimtoka. "Ningekwambia nini? Nikuongezee homa?"

Dokta alivua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa, akaivua tena.

"Mficha uchi hazai," alisema kwa sauti ndogo. "Mmoja kanificha ugonjwa, mwingine kaficha sapu. Na mie nikamfukuza ofisini mtu aliyekuwa anamlisha mwanangu uji."

"Basi yameisha!" Sadallah akaruka. "Mama, mpe maksi zake."

"Thubutu!" Najat alisimama. "Ukimwomba mama maksi, posa yako peleka nyumba nyingine. Insha sikuandika, kweli sikuandika. Sitaki watu waje kunisimanga kwamba digrii nimepewa jikoni kwa mkwe."

Alipomaliza ndo akakumbuka anapayuka mbele ya nani. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Maksi singempa hata angezitaka," Dokta alisema. "Sapu atafanya. Ila karatasi zote za sapu nitampa mwenzangu asahihishe, mie mkono wangu hautazigusa. Kesho asubuhi namweleza mkuu wa idara." Kisha akamtazama Najat kuanzia ushungi mpaka vidole vya miguu. "Njoo mezani. Umekonda."

Najat alikula wali wa nazi bila kuusikia ladha. Hakujua kama amekubaliwa au anapewa chakula cha kuagwa. Getini alimwambia Sadallah:

"Mpaka majibu yatoke, usinipigie. Nasoma."

"Hata meseji?"

"Hata meseji!"

Alisoma mpaka mashairi akawa anayaota. Akafanya sapu, akarudi nyumbani kusubiri. Kusubiri huko kulimtesa kuliko mtihani wenyewe. Chakula hakipiti, na simu ikilia kidogo tu anashtuka.

Siku yenyewe alikuwa uani anakuna nazi. Meseji ya Sadallah ikaingia: "Nimevunja amri, nisamehe. Majibu yametoka. Mama kagoma kunambia, anasema ataongea na mwenyewe."

Hajakaa sawa, simu ikaita. Dokta.

"Najat, umeona majibu?"

"Bado, Dokta. Sina bando."

"Dokta Wilfred ndiye aliyesahihisha. Karatasi zina namba tu, hakujua hii ya nani."

"Ndiyo, Dokta."

"Ameniuliza mwenye namba hii ni nani, kaandika vizuri hivi. Una C, binti, sapu haivuki hapo. Umefaulu."

Mbuzi ya nazi ikapinduka. "Alhamdulillahi! Alhamdulillahi, Dokta!"

"Subiri. Limebaki sharti moja."

Furaha ikamkauka. "Sharti gani tena, Dokta? Utafiti si nilishautetea?"

"Acha kuniita Dokta. Niite mama." Sauti ile ya ukali ikatetereka. "Na yule kijana wangu akiumwa tena, nipigie. Hata niwe Ulaya, nipigie, sawa? Mwambie baba yako mshenga wetu anakuja Ijumaa baada ya swala."

Najat alijaribu kujibu, kilio kikamtangulia. Mama yake mzazi akatoka jikoni mbio, upawa mkononi.

"Kuna nini? Wamekufelisha tena?"

Najat alitikisa kichwa, huku analia, huku anacheka, simu bado sikioni.

"Ndiyo, mama," alimjibu wa kwenye simu. "Nitakupigia."

Mama mzazi akaelewa. Alitupa upawa, akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia ukutani kuuliza harusi ya nani.