Chumba Nyuma ya Jiko

Mchoro ulikuwa na chumba cha ziada.

Ghizlan alidhani ni macho yake. Nyumba hii ya mama yake, ndani ya mji wa kale wa Fes, aliipima mwenyewe kwa futi, ukuta kwa ukuta, akaipiga picha kila pembe na kuiingiza yote kwenye kompyuta. Na jamani, mtu atakoseaje nyumba aliyozaliwa? Nyuma ya jiko hapakuwa na kitu ila ukuta mnene uliobeba ghorofa ya juu. Lakini pale kwenye skrini kilionekana chumba chembamba, hakina mlango wala dirisha.

Mchoro huo ndio uliokuwa tegemeo lake lote. Mvua ilikuwa imeulowesha ukuta ule hadi ukavimba, na magogo yaliyoegemezwa kichochoroni kuishikilia nyumba yalishaanza kupinda. Kesho asubuhi mainjinia wa mji wangekuja. Ghizlan, mchoraji wa majengo, asipowaonyesha jinsi ukuta utakavyoimarishwa, wangemtoa mama yake na kuibomoa nyumba. Mama huyo, Lala Batul, hakuwa na pengine pa kwenda, na wala hakutaka kupatafuta.

Akampigia simu Wadia, mtoto wa mama yake mdogo, fundi wa kompyuta kule Casablanca. Yeye ndiye aliyemshawishi juzi tu aweke Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwenye mashine yake iliyozeeka.

"Hiyo ni draiva, dada," alisema Wadia.

"Draiva ndiyo nini?"

"Programu inayoongea na kadi ya picha. Bila hiyo kadi ni bubu. Uliyo nayo sasa ni ile ya bure iliyokuja na Linux, pole pole, inajikongoja. Tuweke ya wenyewe waliotengeneza kadi."

"Si uliniambia Linux haisumbui?"

"Nilisema haiugui ovyo. Kusumbua ni tabia yake. Haya, fungua dirisha jeusi, tuiulize kadi jina lake."

Ghizlan akaandika amri, kadi ikajitaja, draiva mpya ikaanza kushuka kutoka mtandaoni. Wakati akisubiri, akaugeuza mchoro. Ndani ya kile chumba chembamba palikuwa na kitu kama rundo la nguo. Akaugeuza tena. Rundo lilikuwa na mabega.

"Wadia," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka yenyewe. "Kuna mtu."

"Uchafu wa picha huo. Draiva ikizidiwa huchora visivyokuwepo."

"Ni mwanamke. Amekaa chini, mgongo ukutani."

"Basi mpe chai ya nanaa, mgeni huyo," Wadia akacheka.

Ghizlan hakucheka. Harufu ilikuwa imemfikia kutoka jikoni, harufu ya udongo mbichi na majivu ya baridi, na nyuma ya harufu ile akasikia mtu akihema, kwa taabu, kama anayepandisha mtungi wa gesi ngazini.

Mama yake akaingia na upawa mkononi. Akatazama skrini. Upawa ukaanguka.

"Bismillahi," alinong'ona. "Mwenye mahali."

"Mama, jini gani, ni kompyuta tu..."

"Nyamaza! Bibi yako alikuwa akimmwagia maziwa pale. Mimi nikapuuza. Usimtaje kwa sauti, atakusikia."

Wakamwita fakihi wa kichochoro kile, jina lake Si Tuhami, msomaji wa kuondoa majini, mzee asiyependa makelele. Alifika na chetezo chake mara baada ya swala ya alasiri, akabandika sikio ukutani, akakaa hivyo kitambo kirefu. Uso wake haukuwa wa mtu mwenye hasira. Ulikuwa wa mtu anayeshangaa.

"Tumuulize kwanza anafanya nini hapa," alisema. "Mwenye mahali huonywa, haondolewi ghafla. Nipeni siku chache."

"Siku chache sina, ami. Kesho wanakuja. Muondoe!"

"Binti yangu, haraka ya nini..."

"Muondoe!"

Lala Batul naye akatikisa kichwa kukubali. Si Tuhami akashusha pumzi, akatupa udi na chumvi kwenye makaa, akaanza kusoma.

Simu bado ilikuwa wazi. "Usiifute ya zamani mpaka mpya ikubaliwe," Wadia alikuwa akisema. "Na ukiwasha upya, utakuja ukurasa wa buluu, unauliza kama..." Ghizlan alishaifuta. Akawasha upya. Ukurasa wa buluu ukaja, ukauliza, naye kwa kiherehere akabonyeza endelea bila hata kusoma.

Skrini ikawa nyeusi tii.

Hapo hapo jikoni palitoka mlio ambao sisi majirani tuliusikia hadi kichochoroni, si ukelele wa hasira bali kilio cha mtu anayeporwa mzigo mikononi, ukapita kwenye bomba la maji machafu ukienda chini, chini, na ulipokwisha harufu ikakatika, na pale penye kuhema pakawa kimya, kisha katika kimya kile vumbi likaanza kumiminika kutoka darini, kidogo kidogo, halafu lisikome.

"Ulijibu nini kwenye buluu?" Wadia aliuliza, bila mzaha sasa.

"Nilibonyeza endelea."

"Masikini! Pale ulitakiwa kuukubali ufunguo wa draiva mpya. Ya zamani umeitimua, mpya umeinyima ruhusa. Hakuna anayeshika kazi. Washa tena, omba kuuingiza ufunguo, andika neno la siri."

Akaandika huku ukuta ukifanya ufa na kulia kwa ndani kama mbao inayopasuliwa, huku Si Tuhami akirudi nyuma hatua kwa hatua akisema "Tokeni, tokeni nje wote", na skrini ikawaka, mchoro ukafunguka safi, mwepesi, kila tofali mahali pake, na chumba kile bado kipo, kitupu, na ukuta wake mmoja umebonyea umbo la mgongo, na ghorofa yote ya juu imeulalia.

"Hakuwa ameegemea," alisema Lala Batul polepole. "Alikuwa ameshikilia."

"Mama, twende!"

"Tangulia na mzee. Nachukua shela yangu."

Ghizlan akatoka na kompyuta kifuani. Walisimama mvuani. Vumbi likakoma. Ukuta ukanyamaza. Alipokimbia kurudi jikoni, ufa ulikuwa umejifumba, na chini yake zilibaki kandambili za mama yake, zimepangwa vizuri, visigino ukutani.

Tulimtafuta usiku kucha, kisimani, darini, kila kichochoro. Asubuhi mainjinia walikuja, wakagonga kwa nyundo, wakatazamana. Ukuta ulikuwa imara. Nyumba ibaki, walisema, wakampongeza Ghizlan kwa mchoro mzuri.

Walipoondoka akaufungua. Akampigia Wadia, akamtumia picha ya alichokiona.

"Niambie ni draiva," alisema. "Wadia, nakuomba, niambie ni draiva."

Wadia aliikuza picha, akaitambua shela ya mama yake mkubwa. "Draiva iko sawa, dada," alijibu mwisho, akilia.

Ghizlan akaenda jikoni, akaweka kiganja ukutani. Palikuwa na joto.

"Mama?"

Mtu alihema, kwa taabu.

"Niko hapa, mwanangu. Usimlete mtu wa kunitoa."