Mayai ya Kanga na Wifi Aliyeondoka

Alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Mama Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia. Aliishi na mumewe, seremala, na wifi yake, dada wa mume, aliyemsaidia kushona vifungo na kupiga pasi.

Uani walifuga kuku na kanga watatu: dume mmoja na majike wawili. Kanga hao walikuwa wa kijivu kizito, wenye madoadoa meupe kama walionyunyiziwa chokaa. Vichwa vyao havikuwa na manyoya, na utosini kulikuwa na kijipembe. Mchana walidonoa kupe, panzi na mbegu. Jioni waliruka juu ya paa wakalala. Akipita mgeni, walipiga kelele mpaka cherehani haisikiki.

Kwa wiki moja majike walitaga bandani, naye Mama Sindano akawa anaokota mayai yote. Halafu ghafla, hakuna hata yai moja.

"Wifi, mayai yako wapi?"

"Sijayaona, wifi yangu."

"Mayai hayana miguu. Humu tuko watatu, na kaka yako hashindi nyumbani."

Wifi aliacha kupiga pasi. "Unaniita mwizi?"

"Mimi nimeuliza mayai. Jina hilo umejipa mwenyewe."

"Mke wangu, punguza maneno," seremala alisema. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kesho yake wifi alifunga nguo zake, akahamia kwa shangazi yake mtaa wa pili.

Wiki mbili baadaye, bibi mifugo, mtaalamu wa mifugo wa kata, alikuja kuchanja kuku.

"Kanga wangu wameacha kutaga," Mama Sindano alilalamika. "Na kabla ya hapo nilikuwa na mwizi ndani."

"Ulikuwa unaokota mayai yote?"

"Yote."

"Basi umewafukuza mwenyewe. Kanga si kuku. Akikuta kiota kitupu, anahama na kwenda kuficha mayai kwenye majani. Majike hutaga kwenye kiota kimoja, na dume hulinda karibu. Dume wako yuko wapi sasa?"

Dume alikuwa amesimama nyuma ya rundo la matofali, shingo juu. Wakafunua majani marefu. Mayai ishirini na sita yalilala kwenye kishimo, madogo, rangi ya maziwa, ganda gumu.

Bibi mifugo alipiga makofi kwa furaha. Mama Sindano akakaa juu ya matofali.

"Mungu wangu! Nimemfanya nini mtoto wa watu?"

Bibi mifugo akamweleza taratibu. "Siku nyingine chukua machache, uache kama sita kiotani. Haya mpe kuku anayeatamia, kwa siku ishirini na nane. Mama kanga huwaburuza watoto kwenye umande, wanalowa, wanakufa kwa baridi. Wafungie pakavu wiki sita. Maji yawe kwenye kisahani chenye kokoto, wasizame."

Siku hiyohiyo Mama Sindano alikwenda kwa shangazi. Alimkuta wifi anafagia.

"Wifi, nimeyaona mayai. Yalikuwa kwenye majani. Nimekukosea, nisamehe."

Wifi aliendelea kufagia kidogo. "Nimekusamehe. Lakini kurudi, hapana. Kila kitakapopotea kitu pale, nitaanza kujitetea hata kabla sijaulizwa."

Mama Sindano akarudi nyumbani peke yake.

Alifuata maelekezo yote ya bibi mifugo. Chini ya kuku wawili walianguliwa vifaranga kumi na tisa, na kumi na saba wakakua. Uani pakajaa kanga. Majirani wakaja kuuliza, naye akawafundisha bila kuchoka.

Kanga sita aliwaweka kwenye tenga, akampelekea wifi. Wifi aliwapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza wanakula nini na wanalala wapi. Mama Sindano akamweleza yote. Hata walicheka kidogo, wakiwa wamesimama mlangoni. Ila wifi hakumwambia karibu ndani.